Nyumba na zana za baba wa babu yangu: je, zinaweza kunieleza alikuwa nani?

*“Mimi na ndugu zangu tumerithi nyumba ndogo ya mawe na mbao ambayo baba wa babu yetu aliijenga kwa mikono yake. Katika kibanda cha uani tumekuta sanduku la zana zake: randa mbili, tezo, patasi saba, keekee, msumeno uliong’oka meno, na nyundo yenye herufi mbili zilizochomwa kwenye mpini. Herufi hizo si za jina lake. Hatuna cheti, barua wala picha yake hata moja. Kwenye boriti za darini kuna mikato inayofanana na namba, na binamu yangu anasema ni maandishi ya siri. Ndugu mmoja anataka tuzisugue zana hadi zing’ae, tuzitundike sebuleni. Mwingine anataka nyumba ibomolewe kwa kuwa imeanza kuegemea upande mmoja. Nimesoma kwamba maabara inaweza kupima kipande cha mbao na kutaja mwaka nyumba ilipojengwa. Je, ni kweli? Na je, mtu anaweza kweli kumjua babu yake kupitia vitu hivi, au najidanganya kwa sababu natamani sana kumjua?”*

Ndugu msomaji, hujidanganyi. Ninachokuomba tu ni kwamba tuelewane tangu mwanzo kuhusu aina ya habari ambayo nyumba na zana hutoa, kwa maana watu wengi huzikatia tamaa kwa sababu huziuliza maswali yasiyo yake. Zana haitakutajia jina la mtu, haitakuambia alizaliwa wapi, wala haitakueleza alikuwa mpole au mkali kwa watoto wake. Itakuambia alifanya kazi gani, kwa mkono upi, kwa ustadi wa kiwango gani, alifundishwa kupima kwa kipimo kipi, alikuwa na uwezo wa kununua nini na alilazimika kujitengenezea nini, na wakati mwingine kazi ipi ilitangulia na ipi ilifuata. Kwa mtu ambaye hakuacha hata barua moja, habari hizo si kidogo, na nyingine katika hizo hata angekuwa na barua asingeziandika, kwa kuwa hakuna anayeandika kuhusu jambo ambalo mkono wake hulifanya kila siku.

Kabla ya kujibu maswali yako mengine, naomba uwazuie ndugu zako wote wawili, yule wa kusugua na yule wa kubomoa, walau kwa miezi michache. Nitaanza na wa kusugua, kwa sababu yeye ndiye anayeweza kuharibu mengi kwa saa moja ya nia njema. Chuma kinapopata kutu, sehemu ya juu ya chuma chenyewe imegeuka kuwa kutu. Ukiikwangua kwa msasa au brashi ya waya, huondoi uchafu uliotua juu ya zana, unaondoa uso wa zana. Mhuri wa mtengenezaji uliogongwa kwenye chuma mara nyingi una kina kisichofikia hata milimita moja, na baada ya miaka mingi ya kutu kina hicho kimepungua zaidi. Vivyo hivyo kwenye mpini: ile rangi ya kahawia iliyokolea inayong’aa kidogo ni jasho, mafuta na vumbi vilivyoshindiliwa na viganja kwa miaka, na mipaka yake ndiyo inayoonyesha vidole vilikaa wapi. Niliwahi kuletewa sanduku la zana za seremala zilizosafishwa kwa upendo mkubwa, kila mpini umepigwa msasa na kupakwa vanishi mpya, nami nikabaki nikiwaeleza wenyewe vitu ambavyo ningeweza kuvisoma wiki moja kabla. Kwa sasa futa vumbi kwa brashi laini kavu, weka zana mahali pakavu pasipo na joto la kubadilika-badilika, na usipake kitu chochote. Zikitundikwa ukutani baadaye, zitundikwe jinsi zilivyo.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana kwa macho, nayo ni kuhamisha vitu kabla ya kuandika vilikuwa wapi. Mahali pa kitu ni nusu ya habari yake. Patasi iliyokuwa juu kabisa ndani ya sanduku huenda ilitumika baada ya ile iliyokuwa chini. Misumari iliyowekwa kwenye kopo pembeni ya mlango ilikuwa akiba ya kazi fulani. Kipande cha ubao chenye matundu kilichoegemezwa nyuma ya sanduku kinaweza kuwa kigezo alichokitumia kupimia kitu kilicho ndani ya nyumba ile ile. Kama sanduku limekwisha kumwagwa, muulize aliyelimwaga, leo, akiwa bado anakumbuka. Kisha piga picha kila kitu pamoja na rula, funga lebo ya karatasi kwa uzi (usitumie gundi wala utepe wa kunata), na chora ramani ya kibanda na ya kila chumba, hata kama hujui kuchora. Picha zako zitasema mengi zaidi ukipiga usiku au ukiwa umefunga madirisha, huku tochi ikimulika kutoka ubavuni karibu sambamba na uso wa mbao, kwa sababu mwanga wa ubavuni hutupa kivuli ndani ya kila mkwaruzo, na mambo yasiyoonekana mchana hujitokeza kama yameandikwa upya.

Sasa tuzishike zana zenyewe, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo ninapoona hazina yako ilipo. Umesema kuna patasi saba. Zipange kwa upana, kisha pima urefu wa chuma cha kila moja. Patasi hunolewa kwa kinoo, na kila mnoo hula chuma kidogo, kwa hiyo patasi iliyotumika zaidi ndiyo iliyobaki fupi kuliko wenzake. Ukiona moja imekuwa kisiki ilhali nyingine ni kama mpya, umekwisha kujua upana gani wa tundu aliupendelea. Nenda nayo kwenye miimo ya mlango na kwenye maungio ya boriti. Seremala anayechimba tundu la kupokea ulimi wa mbao kwa kawaida hulipa tundu hilo upana wa patasi aliyonayo, kwa sababu kulichimba kwa patasi nyembamba na kulipanua baadaye ni kujiongezea kazi. Kama patasi ile fupi inaingia katika matundu ya mlango bila kulegea wala kubana, una sababu nzuri ya kuamini kwamba zana zile zilijenga nyumba ile. Kama hakuna patasi hata moja inayolingana na tundu lolote, usihuzunike haraka. Huenda aliyefanya maungio alikuwa fundi mwingine aliyemwita kwa kazi hiyo, na hilo nalo ni habari.

Chunguza pia chuma cha randa. Chuma chenye kibanzi kilichomeguka kwenye makali huacha mstari mwembamba uliotuna juu ya kila ubao unaopita chini yake, na mstari huo hurudi mahali pale pale kila mara randa inapopita. Kwa mwanga wa ubavuni unaweza kuukuta kwenye ubao wa mlango au wa kabati. Kwa kuwa fundi angekinoa chuma hicho baada ya muda na kukiondoa kibanzi, mbao mbili zenye mstari unaofanana kabisa zilirandwa kwa karibu sana kiwakati, pengine siku moja. Wachunguzi wa makosa ya jinai hutumia kanuni hiyo hiyo kulinganisha mkwaruzo wa bisibisi na dirisha lililovunjwa.

Kuhusu mkono, angalia mpini wa tezo na wa nyundo upande ambao kidole gumba hukaa, na uangalie kona ipi ya uso wa nyundo imelika zaidi. Mtu atumiaye mkono wa kushoto huacha ulikaji ulio kinyume na wa mtu wa mkono wa kulia, na kwenye shoka lililonolewa upande mmoja tofauti hiyo huwa wazi zaidi, kwa kuwa zana ya namna hiyo hutengenezwa kwa ajili ya mkono mmoja tu, wa kulia au wa kushoto. Hata hivyo, usitangaze kwamba alikuwa wa mkono wa kushoto kwa sababu ya zana moja. Inaweza kuwa ya mtu mwingine. Zikikubaliana tatu au nne, hapo sema. Angalia pia kama mpini umewahi kubadilishwa: mpini uliochongwa kwa mkono juu ya chuma cha kiwandani unakuonyesha mtu aliyenunua chuma tu, au aliyevunja mpini wa dukani na kujichongea mwingine unaolingana na kiganja chake. Ushike. Mpini wa namna hiyo ulitengenezwa kwa kufuata ukubwa wa mkono mmoja hapa duniani, na ukiona vidole vyako havifiki, au vinazidi, utakuwa umejua jambo kuhusu mwili wake ambalo hakuna rejista inayolitunza.

Sasa zile herufi mbili zinazokusumbua. Dhana iliyozoeleka ni kwamba herufi zilizo juu ya zana ni za mtu wa mwisho kuimiliki, na zisipolingana basi zana si ya familia. Mambo hayako hivyo. Zana nzuri ziliishi kuliko watu. Fundi aliweza kupewa na bwana aliyemfundisha kazi, kununua kutoka kwa mjane wa fundi mwenzake, kurithi kwa baba mkwe, au kuazima na kifo kikatangulia kurudisha. Mahali ambapo mafundi wengi walifanya kazi pamoja, kila mmoja alitia alama yake ili jioni zisigombaniwe, na mwenye zana mpya hakuwa na haja ya kufuta alama ya zamani. Kwa hiyo tofautisha mambo mawili: mhuri uliogongwa kwenye chuma, ambao kwa kawaida ni wa kiwanda au mhunzi, na herufi zilizochomwa au kukatwa kwenye mbao, ambazo kwa kawaida ni za mmiliki. Kisha tafuta kama zana nyingine zina herufi hizo hizo. Kama ni nyundo pekee, labda ilinunuliwa. Kama ni zana nne kati ya kumi na tatu, huenda unaangalia alama ya mtu aliyemfundisha, na herufi hizo mbili zinageuka kuwa kitu cha kutafuta katika orodha za zamani za mafundi, za walipa kodi au za mashahidi wa ndoa za ukoo wenu. Hiyo ni dhana ya kuipima tu, na naomba uiandike kwenye daftari kama dhana, kwa sababu nimeona dhana ya namna hii ikigeuka kuwa historia rasmi ya familia kabla ya miaka mitano kupita.

Mhuri wa kiwanda nao una mtego wake. Tarehe inayotajwa pamoja na hataza ni ya siku ambayo haki ya uvumbuzi ilitolewa, na kiwanda kiliweza kuendelea kuigonga tarehe hiyo kwenye bidhaa kwa miaka mingi baadaye. Zana haiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko tarehe hiyo, lakini inaweza kuwa changa zaidi sana. Jina la nchi ilikotengenezwa zana lina maana ya namna hiyo: sheria ya forodha ya Marekani ya mwaka 1890 ilitaka bidhaa za kigeni zinazoingia nchini humo zionyeshe nchi zilikotoka, hivyo jina la nchi likionekana kwenye zana iliyouzwa huko, kwa kawaida zana hiyo ni ya 1891, sharti hilo lilipoanza kutumika, au ya baadaye.

Binamu yako anaposema alama za darini ni maandishi ya siri, mpe heshima yake kwa kuwa ameziona, ila mwambie kwamba karibu hakika ni alama za kuunganishia. Fundi wa mbao hakujengea juu angani. Alilaza mbao chini, akakata na kujaribisha kila kiungo hadi kikae, kisha akakifungua chote na kukiinua kipande kwa kipande. Kwa kuwa kila ulimi ulichongwa kwa ajili ya tundu lake na si kwa lingine lolote, alihitaji kujua kipi kinakwenda wapi, na hivyo akakata namba ile ile pande zote mbili za kiungo. Namba zinazofanana na za Kirumi zilipendwa kwa sababu patasi hukata mstari mnyoofu kwa pigo moja, wakati kukata duara ni taabu. Mara nyingi utakuta nne imeandikwa kwa mistari minne badala ya moja na tano, kwa kuwa boriti ikigeuzwa juu chini nne ya kawaida ingesomeka kama sita. Sasa fuatilia mfululizo wake. Namba zikienda kwa utaratibu kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, nyumba ilijengwa mara moja kwa mpango mmoja. Zikirukaruka, au ukikuta boriti ina tundu tupu ambalo halipokei kitu, basi inawezekana mbao hiyo ilitoka katika jengo lingine lililoitangulia nyumba yenu. Hapo huenda umepata dalili ya nyumba ya zamani zaidi ambayo hakuna aliyewahi kukusimulia.

Hilo linatufikisha kwenye swali lako la mwaka. Kanuni ya kwanza, ambayo watu huigeuza kinyume, ni kwamba nyumba haipewi umri kwa kitu chake kikongwe kuliko vyote. Mbao kongwe inaweza kutumiwa upya, lakini kitu kilichofungiwa ndani ya ukuta wakati wa ujenzi hakiwezi kuwa kichanga kuliko ukuta wenyewe. Kwa hiyo tafuta kitu kichanga zaidi kilicho katika sehemu ambayo haijawahi kufunguliwa tangu ijengwe. Misumari husaidia sana. Hadi kuelekea mwisho wa karne ya 18 misumari ilifuliwa mmoja mmoja kwa nyundo. Ina pande nne zinazopungua kuelekea ncha na kichwa chenye alama za mapigo. Baadaye ikaja misumari iliyokatwa kwa mashine kutoka kwenye bapa la chuma, na kuelekea mwisho wa karne ya 19 ile ya waya wa mviringo tunayoijua leo ikaenea. Skrubu zenye ncha kali zilizoeleka kuanzia katikati ya karne ya 19, na zile zenye msalaba kichwani zilitoka miaka ya 1930. Saruji ya aina ya Portland ilipewa hataza mwaka 1824, na kabla ya hapo waashi walitegemea zaidi chokaa na udongo. Alama za msumeno nazo husema: mistari mnyoofu isiyolingana huonyesha msumeno wa kuvutwa kwa mikono, na mistari ya upinde huonyesha msumeno wa duara wa mashine. Ila kumbuka kwamba teknolojia ya zamani haifi siku mpya inapozaliwa. Mhunzi aliye mbali na bandari aliweza kuendelea kufua misumari kizazi kizima baadaye. Kwa hiyo kitu cha aina mpya kina nguvu ya ushahidi, cha aina ya zamani hakina.

Maabara je? Kuna njia mbili, na inaelekea ulichosoma kimezichanganya. Ya kwanza ni kupima kaboni ya mionzi iliyobaki ndani ya mbao, njia iliyobuniwa na Willard Libby na wenzake mwishoni mwa miaka ya 1940. Ni njia ya ajabu kwa vitu vya miaka elfu kadhaa, lakini kwa nyumba ya baba wa babu yako sikushauri kutoa fedha yako. Kiwango cha kaboni hiyo hewani kilipanda na kushuka kati ya takriban 1650 na 1950 kwa namna ambayo kipimo kimoja huangukia vipindi kadhaa tofauti, na utapewa jibu linalosema huenda ni karne ya 17, ya 18, ya 19 au ya 20. Ya pili ni kusoma pete za ukuaji wa mti, elimu iliyoanzishwa na mwanaastronomia A. E. Douglass huko Arizona, Marekani. Mwaka wenye mvua huacha pete pana na mwaka wa ukame huacha nyembamba, na mfuatano wa upana huo hulinganishwa na wa miti mingine ya eneo hilo hilo. Mwaka 1929 boriti moja iliyoungua ilimwezesha kuunganisha mifuatano miwili iliyokuwa imetengana na hivyo kutaja miaka ya ujenzi wa makao ya kale ya Wapueblo, wenyeji wa asili wa kusini-magharibi mwa Marekani. Njia hii inaweza kukupa mwaka hasa mti ulipokatwa, lakini kwa masharti: pete ziwe nyingi, hamsini au zaidi, pete ya mwisho chini ya ganda iwe bado ipo, na mfuatano wa kulinganishia wa aina hiyo ya mti katika eneo lenu uwe umekwisha kutengenezwa. Miti mingi ya nchi za joto haina pete za mwaka zilizo wazi. Kabla ya kukata kipande chochote, mpelekee mtaalamu wa pete picha safi ya kichwa cha boriti na umuulize kama inafaa. Ni bora uambiwe hapana kabla tundu halijatobolewa.

Wakati huo kuna kipimo ambacho hakigharimu kitu, nami nakipenda kuliko vyote: tafuta futi aliyoitumia. Pima urefu wa boriti, nafasi kati ya kombamoyo, kimo cha mlango, yote kwa milimita, na utafute namba inayogawanya vipimo vingi bila kubaki masalio makubwa. Futi ya Kiingereza ni milimita 304.8, ya Rhineland, eneo la Ujerumani, ilikuwa karibu 314, na ya zamani ya Ufaransa karibu 324.8. Boriti ya futi 20 kwa kipimo cha kwanza ina milimita 6,096, na kwa kipimo cha mwisho 6,496, tofauti ambayo hakuna fundi angeikosea. Kama vipimo vinakaa vizuri kwenye mita na nusu mita, alijifunza kazi katika mazingira ambayo mfumo wa mita, uliotungiwa sheria Ufaransa mwaka 1795, ulikuwa umeshaingia. Na kama havikai kwenye chochote kati ya hivyo, jaribu urefu wa shubiri na wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Mafundi wengi walijipima wenyewe. Pima kwa kufuata urefu wa mbao tu, usipime unene wala upana, kwa sababu mbao mbichi ikikauka husinyaa kwa asilimia kadhaa upande wa unene na upana, ilhali kwa urefu husinyaa kwa kiasi cha sehemu moja au mbili kwa elfu. Kwa sababu hiyo hiyo vigingi vya duara vinavyofunga maungio huwa yai baada ya miaka. Ukikuta kigingi bado ni duara kamili, kilitiwa kikiwa kikavu, au kilitiwa karibuni.

Wazee walio hai uwaendee mapema kuliko maabara yoyote, na usiende na daftari peke yake. Chukua tezo au randa, umwekee mzee mkononi, kisha umwombe akuonyeshe ilivyotumika badala ya kukusimulia. Kumbukumbu ya mikono hukaa mahali tofauti na kumbukumbu ya maneno. Mtu anayesema hakumbuki chochote kuhusu babu anaweza kukunja mgongo na kushika zana kwa namna aliyoiona utotoni, na ndipo maneno yanapofuata: alikuwa anakaa hapa, aliitundika pale, alitukataza kuigusa. Rekodi sauti kwa idhini yake. Usimweleze kwanza ulichokwisha kugundua, kwa kuwa wazee wenye huruma hukubaliana na kitukuu anayetamani kusikia jambo.

Nimeacha nyumba inayoegemea mwisho, na hapa nitasema waziwazi. Kuegemea peke yake si hukumu ya kifo. Nyumba nyingi za mbao na mawe ziliegemea katika miaka yake ya kwanza, udongo ulipotulia au mbao zilipokauka, kisha zikasimama hivyo kwa vizazi. Swali ni kama bado inasogea. Ning’iniza timazi kutoka juu ya ukuta, weka alama pale ncha yake inapoelekea, na urudie kila mwezi. Bandika pia kipande chembamba cha plasta ya ukutani (ya jasi) juu ya kila ufa, uandike tarehe, na uangalie kama kinapasuka. Lakini kama kuna ufa unaopanuka, milango iliyoanza kukwama hivi karibuni, boriti inayotoa unga wa bungua au iliyoliwa na mchwa pale inapoingia ukutani, au paa lililobonyea, ondokeni ndani na mumwite mhandisi wa majengo aje kwa miguu yake. Jambo hilo halipimwi kwa picha wala kwa barua kama hii. Mwombe mtu aliyewahi kushughulikia majengo ya zamani, kwa sababu asiyeyazoea huona kila ukuta uliopinda kuwa wa kubomolewa, na anaweza kuziba ukuta wa chokaa kwa saruji ngumu inayofungia unyevu ndani na kuharakisha uharibifu.

Tahadhari nyingine ni za afya yenu. Rangi za zamani mara nyingi zilikuwa na madini ya risasi. Marekani, kwa mfano, ilizikataza majumbani mwaka 1978 tu. Usikwangue rangi ikiwa kavu, usiichome kwa moto, na watoto wasikae penye vumbi lake mpaka mtu mwenye vifaa ameipima. Kama kuna mabati ya asbesto au vifuniko vya mabomba vyenye nyuzinyuzi, usivivunje. Popo wakiwa wamekaa darini kwa muda mrefu, usifagie kinyesi chao bila barakoa inayofaa.

Na kama mhandisi atasema haiwezekani kuiokoa, au fedha hazipo, sitawalaumu. Si kila nyumba hudumu, na familia haipaswi kuzama kwenye deni kwa ajili ya ukuta. Ila kubomoa kwa tingatinga na kufungua kwa mikono ni mambo mawili tofauti. Mkifungua kwa mikono, kwa kufuata kinyume cha zile namba za darini, mtaziona ndimi ambazo hakuna aliyeziona tangu siku zilipoingizwa, pamoja na mistari ya penseli, hesabu, na wakati mwingine kipande cha gazeti au kitambaa kilichozibia upenyo. Hifadhini kiungo kimoja kizima, mwimo wa mlango ambao viganja vyenu nyote vimepita, na kila zana. Kama nyumba inaweza kubaki, itengenezeni kwa kubadilisha sehemu iliyooza tu, na mbao mpya muikate tarehe mahali pasipoonekana ili atakayekuja asibabaike kama ninyi.

Kwa zana, mhifadhi wa vitu vya kale katika jumba la makumbusho lililo karibu nanyi mara nyingi hukubali kuzitazama bila kuzichukua, na atakusaidia iwapo kutu inaendelea kula chuma, jambo utakalolitambua kwa unga mpya wa rangi ya chungwa chini ya zana kila baada ya wiki chache.

Jumamosi hii, kabla hujamwandikia mtaalamu yeyote, chukua zile patasi saba, tochi na rula, uende kwenye mlango mkubwa, na ujaribu kila patasi katika matundu ya miimo yake. Ikiingia mojawapo, niandikie ni ya milimita ngapi na ilibaki na urefu gani.